Mpea, Mpera, Mpeasi

Nilipompigia simu baba mkwe kumpa habari kwamba nimepanda mpeasi, mtandao ulikuwa unakatakata, ile "si" ya mwisho ikaishia kwenye ukungu wa Lushoto. Yeye akasikia mpea. Kwao Unguja pea ni parachichi, na kwa parachichi baba mkwe hana utani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa: "Mwanangu, hapo umefanya jambo la maana." Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu na bintiye sikuwahi kusikia sentensi ile ikielekezwa kwangu. Nikaona si adabu kumsahihisha mzee.

Yaliyofuata, pamoja na dari, dagaa na pancha, yote nimeyaandika kwenye kaunta buku, kwa kuwa mimi ni mhasibu na siwezi kuumia bila kuweka kumbukumbu.

Niseme mapema, asije mwingine akaingia mtego huo huo. Mpera kila mtu anaujua, maana kila mtu amewahi kuanguka kutoka juu yake. Huo ni ndugu wa mkarafuu na mkaratusi. Mpea wa baba mkwe, yaani mparachichi, ni ndugu wa mdalasini. Mpeasi ni mti wa baridi, wa ukoo wa mtufaa na waridi, na tunda lake ni lile la kijani linaloelekea manjano, pana chini na jembamba juu, ambalo abiria wa mabasi huuziwa pale Mombo kwenye vindoo. Majina yanafanana kama mapacha, lakini miti yenyewe haijawahi hata kukutana msibani.

Mimi nilihamishiwa Lushoto kikazi nikitokea Tanga mjini. Anayefanya safari ile hupatwa na homa fulani. Unaacha joto chini, unapanda kona za Mombo hadi Soni, masikio yanaziba, na ukifika juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, unakuta watu wamevaa makoti mwezi wa saba na mabonde yamejaa kabichi, karoti na plamsi. Mtu ambaye Tanga hakuwahi kumwagilia hata mchicha anaanza kuulizia bei ya samadi. Wajerumani waliugua homa hiyo hiyo: mji wakauita Wilhelmstal, mwaka 1896 wakaanzisha shamba la majaribio pale Kwai, na wao walipoondoka baadhi ya matunda ya kwao yakabaki milimani. Mimi sikuja na serikali nyuma yangu. Nilikuja na kopo la siagi.

Hilo kopo lilikuwa jaribio la kwanza. Nilinunua peasi Soni, nikalila garini, likanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, na nikaapa kwamba lazima niwe na mti wangu. Nikatunza mbegu saba. Nilikuwa nimesoma kwamba mbegu ya peasi haioti hivi hivi. Imeumbwa kwa nchi zenye majira ya baridi, kwa hiyo inalala mpaka ipitiwe na baridi na unyevu kwa miezi miwili au mitatu, ndipo iamini kwamba hatari imepita. Ukitaka kuidanganya, unaiweka kwenye mchanga mbichi ndani ya friji. Nikachukua mchanga wa mto, nikauchekecha vizuri, nikauweka kwenye kopo tupu la siagi pamoja na mbegu zangu, nikalifunika, nikalisukuma ndani ya friji. Sikumwambia mtu. Mambo makubwa huanza kimya kimya.

Mwezi wa Ramadhani baba mkwe akaja kututembelea. Usiku wa tatu umeme ukakatika saa ya daku. Mke wangu alikuwa jikoni anahangaika na kibatari, mzee yuko sebuleni gizani na mkate wake, akaomba siagi. Mimi, mkwe mwema, nikapapasa ndani ya friji nikampelekea kopo.

Alikula vipande viwili. Nilimsikia anatafuna, nikadhani ni meno ya bandia. Hakuuliza kitu wala hakulalamika, akanywa maji mengi, akanuia, akaenda kulala. Asubuhi, tukiwa barazani, akasema kwa upole ule wa watu wa Unguja: "Mkate wa huku milimani una chengachenga kidogo. Nadhani ni ngano ya shamba hiyo." Mke wangu akaenda kufungua friji, akafunua kopo, akarudi, akanitazama. Hakusema neno mpaka mzee alipopanda basi, na aliyoyasema hapo sitayaandika. Kwenye kaunta buku niliandika: mbegu saba, zilizoliwa, tano, mbili hazijulikani zilipo.

Basi nikaamua kununua mche. Kando ya barabara kulikuwa na kijana mwenye maneno mengi kuliko miche. Nikamwambia nataka peasi. Akaniuliza, "Ya kubebesha au ya mbegu?" Nikamwambia ya kubebesha, kwa sauti ya mtu anayejua tofauti. Akanichagulia kiriba kimoja, akanionyesha fundo la nailoni karibu na udongo. "Hapa ndipo ilipobebeshwa. Miaka mitatu unakula." Juu ya fundo palikuwa na kijiti cha urefu wa kalamu chenye majani matatu. Shilingi elfu sita. Nikachimba shimo la futi mbili, nikaweka samadi, nikapanda, nikampigia baba mkwe ile simu.

Wiki ya tatu akaja mbuzi wa jirani.

Jirani yetu ni bibi mmoja mstaarabu sana, na mbuzi wake walikuwa wastaarabu vilevile, hawakuwahi kugusa hata mahindi yetu. Huyu mmoja nilimkuta amesimama mbele ya mche wangu, anatafuna polepole, macho nusu yamefumba, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Kijiti chote cha juu kilikuwa kimekwenda. Kilichobaki ni kisiki cha inchi moja chenye nailoni. Bibi alikuja kuomba radhi na mayai sita. Nilipokea mayai na nikaendelea kumwagilia kile kisiki kila asubuhi, huku mke wangu akinitazama dirishani jinsi mtu anavyomtazama jamaa anayezungumza na kaburi.

Mwezi mmoja baadaye yakachomoza machipukizi matatu. Nilipiga kelele mpaka bodaboda wakasimama barabarani. Sikuangalia yanachomozea wapi. Aliyefiwa akimwona marehemu ameketi kitandani anaomba uji, hamuulizi amepitia mlango gani. Nikazungushia waya, nikayaita machipukizi yale "mpeasi wangu", na Idd ya Kuchinja ilipofika bibi akatuletea mguu wa yule mbuzi. Tulikula kwa moyo mweupe.

Mti ulikua kwa kasi ya aibu. Mwaka wa tatu ulikuwa umefika usawa wa bati, majani yanameta kama yamepakwa mafuta. Nilikuwa nikiwapitisha wageni pale kabla hawajaketi. Jambo moja tu lilinisumbua: miiba. Siyo miiba ya mchongoma. Ni vitawi vifupi vilivyonyooka ambavyo badala ya kuishia na chipukizi viliishia na ncha. Nilipopogoa mara ya kwanza nikatupa matawi njiani ili yakauke, na jioni ile kijana wa bodaboda akapita na abiria na gunia la viazi. Pancha mbili kwa tairi moja. Abiria alitembea, viazi vilibaki kwetu mpaka asubuhi, na mimi nikalipa tairi, mpira wa ndani na nauli ya abiria ambaye hakufika. Kijana aliniuliza huo ni mti gani. Nikamwambia mpeasi. Akautazama, akatazama tairi, akasema mapeasi anayoyajua yeye hayana silaha. Ningemsikiliza yule kijana ningeokoa pesa nyingi.

Mwishoni mwa Agosti, mwaka wa nne, mti ukachanua. Majani mapya hayajafunguka, na matawi yote meupe, maua yamejazana vishada kwa vishada, ndani ya kila ua vijitone vya zambarau iliyokolea. Niliupiga picha kwa pande nne nikazituma kwa ukoo mzima. Baba mkwe akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mashallah. Pea hizo zitakuwa nyingi."

Kesho yake nyumba ikaanza kunuka samaki aliyeoza.

Hapa lazima nieleze kwamba wiki mbili kabla, baba mkwe alikuwa ametutumia kilo kumi za dagaa wa Unguja, wamevuka bahari kwa boti, wamepanda basi, wamefika salama ndani ya gunia lililoshonwa kwa mkono wake. Dagaa wazuri, wakavu, wanametameta. Harufu ilipoanza, mke wangu akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akalinusa. Lilinuka dagaa. Tatizo la dagaa ni kwamba hata wakiwa hawana hatia wananuka kama wenye hatia. Akanusa tena, akaniita nikanusa, tukaangaliana. Kumtupia mzazi zawadi yake ni dhambi, kumpikia mwanao dagaa walioharibika nayo ni dhambi. Usiku tukalibeba gunia kama wezi, tukalizika. Na kwa kuwa sikutaka hasara kamili, tulilizika chini ya mpeasi, liwe mbolea.

Kulipokucha harufu ilikuwa imeongezeka. Tukahitimisha kwamba shimo halikuwa refu. Nikalifukua, nikalizika upya futi tatu chini. Ikaongezeka tena. Mke wangu akasema basi kuna panya amefia darini. Nikaleta ngazi, nikapanda na tochi mdomoni, nikatambaa juu ya mbao kama mita nne, nikaona kitu cheusi kwenye kona, nikanyoosha mguu. Kile cheusi kilikuwa kofia ya fundi aliyejenga nyumba. Mguu wangu ulipitia kwenye dari na kutokea sebuleni, juu kidogo ya runinga, wakati taarifa ya habari inasomwa. Binti yangu alisema baadaye kwamba alitambua soksi.

Baada ya panya, nikaja mimi. Viatu vyangu vilitolewa nje. Kisha makoti yangu. Nilikuwa najiandaa kutolewa mwenyewe, binti alipokwenda kuanua nguo na kuona kwamba maua yana nzi wengi kuliko nyuki. Akavuta tawi, akaingiza pua katikati ya maua meupe, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba," akasema, "samaki wako yuko juu ya mti."

Alikuwa kidato cha pili, wanasoma kemia. Akatueleza kwamba harufu ya samaki aliyeoza inatokana na kemikali za kundi la amini, na kwamba kuna maua yanayotoa kemikali za kundi hilo hilo, nzi wakafuata wakidhani kuna mzoga, wakatoka wamebeba chavua. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama chini, pale palipozikwa kilo kumi za dagaa wazuri, wakavu, wanaometameta.

Siku ile ile baba mkwe akapiga simu kuuliza dagaa tumewaonaje. Nikasema, "Watamu sana, baba. Wamekwisha." Akafurahi, na wiki iliyofuata akatuma kilo ishirini.

Matunda yalikuja. Yalikuwa vishada vya gololi: duara, rangi ya kahawia, yenye vidoadoa vyeupe, na kikonyo kirefu kuliko tunda. Novemba yalikuwa gololi. Desemba nikasema bado yanakua. Januari kina mama wa Soni walipoanza kujaza vindoo kwa mapeasi yanayotosha kiganja, yangu yalikuwa gololi ngumu zaidi. Niliuma moja. Ulimi wote ukakauka kama nimelamba sweta. Kwa wageni nilianza kusema hii ni aina ya kienyeji, ina dawa ndani.

Binti akasema tuutambue mti kwa simu. Kuna programu siku hizi: unaupiga mmea picha, inakupa jina. Picha ya kwanza niliingiza kidole, ikatujibu kwamba mmea una ugonjwa wa ukungu. Tukaacha programu, akatafuta kwa jina la Kiingereza la peasi pori. Hapo tukaangukia mti mwingine kabisa wa Afrika Kusini ambao pia umo katika misitu yetu ya miombo, *Dombeya rotundifolia*. Nao huchanua maua meupe kabla ya majani, ndiyo maana wakoloni wakauita peasi, lakini ukoo wake ni wa pamba, mbuyu na bamia. Binti alinisomea hayo kwa sauti ya huruma. "Baba, huenda umepanda ndugu wa bamia." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini tunda la mti ule ni kikavu kidogo kinachopasuka, na langu, pamoja na ubaya wake, lilikuwa na nyama. Nikaleta kisu na peasi la Soni, tukaketi mezani kama madaktari. Nikalikata peasi la Soni kwa upana. Katikati palikuwa na nyota ya vyumba vitano, kila chumba na mbegu zake nyeusi. Nikaikata gololi yangu kwa upana. Vyumba viwili tu, vimekaa sambamba kama matundu ya kifungo cha shati. Binti akageuza matunda yote mawili akaangalia kitovuni. La Soni lilikuwa na kile kishungi kikavu kilichobaki kutoka kwenye ua. Langu lilikuwa safi, kimebaki kiduara laini kama kovu la chanjo. Kitu kimoja tu kililingana: ukitafuna, kati ya meno kuna mchangamchanga. Hizo ni chembe ngumu zilizomo ndani ya nyama ya peasi, alama ya ukoo. Basi ni peasi, lakini si lile peasi. Tulipoipa programu picha ya tunda lililokatwa, bila kidole, ikatulia kwenye jina moja: *Pyrus calleryana*, peasi pori la China, lililopewa jina la Callery, padri Mfaransa aliyekusanya mimea huko katika karne ya 19.

Swali likabaki: Mchina ameingiaje shambani kwangu?

Jibu alikuwa nalo mzee mmoja wa Kisambaa, fundi wa kubebesha miti, ambaye jirani alituletea. Mimi nilitarajia atazame majani. Hakuyatazama. Alipiga magoti chini ya shina, akakwangua udongo na ncha ya panga, akapangusa kwa kidole gumba, akaniita. Kwenye ubavu wa shina, karibu ardhini, palikuwa na kipande cha mti mkavu kisichozidi dole gumba, kimezungukwa na gome kama jino bovu ndani ya fizi, na uzi wa nailoni umezama humo.

"Peasi lako hili hapa," akasema.

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Mche wa kubebesha ni miti miwili. Chini ni pori, lenye mizizi migumu, linavumilia maji, ukame na maradhi. Juu ni kikonyo cha peasi la kula. Pori kazi yake ni kubeba. Mbuzi alipokula, alikula mpaka kwenye fundo, peasi lote likaingia tumboni. Machipukizi yangu ya ufufuo yalitoka chini ya fundo. "Wewe umemfuga mpagazi," akasema yule mzee, "mzigo ulipotea wiki ya tatu."

Nilikaa kimya nikipiga hesabu. Katika shamba lile, aliyekula peasi langu la shilingi elfu sita ni mmoja tu. Na sisi tulimla Idd.

Nikamuuliza, je, zile mbegu zangu saba zingeota? Akasema zingeota, lakini mbegu ya peasi haimzai mama yake. Chavua imetoka kwa mwingine, mtoto anatoka anavyojua mwenyewe, na mara nyingi anatoka na miiba. Nikajisikia vizuri kidogo kuhusu baba mkwe.

Jioni ile shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akapiga simu ya picha kutoka Columbus, Ohio. Nikageuza kamera nimwonyeshe mti. Alipiga kelele kama ameona nyoka. "Shemeji, ung'oe leo, usingoje kesho!" Kumbe Marekani mti huu ni kesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba ya mapeasi kule yalikuwa yanakufa kwa ugonjwa wa bakteria unaoyaacha matawi meusi kama yamepitiwa na moto, wakataka mizizi inayovumilia. Serikali ikamtuma Frank Meyer, mwindaji wa mimea mzaliwa wa Uholanzi, kukusanya mbegu China. Alizituma, na mwaka 1918 akafa huko huko, mwili wake ukaokotwa kwenye mto Yangtze. Baadaye watu wakauona mti ni mzuri kwa mapambo. Mwaka 1963 ikatolewa aina iitwayo Bradford, ikapandwa kila mtaa, na kwa kuwa yenyewe haijichavushi ikasemekana haitazaa. Halafu zikaja aina nyingine, zikachavushana, na mashina ya chini nayo yakachipua, ndege wakala gololi wakazimwaga kila pori. Sasa Ohio imepiga marufuku kuuza mti huu tangu tarehe 1 Januari 2023, na yako majimbo ambako ukikata mmoja unapewa mche mwingine bure.

"Majira ya kuchipua mtaa wetu mzima unanuka soko la samaki la Malindi kule Unguja," akasema shemeji, na nikaona amekumbuka nyumbani kidogo. Nikamuuliza kama ule mche wa bure unaweza kutumwa kwa posta.

Sikuung'oa. Juu yetu kuna msitu wa Magamba, na sitaki ndege waupeleke huko, kwa hiyo nilichuma gololi zote kwa mkono, ndoo nne, nikazichoma. Agosti iliyofuata, kabla ya machipukizi kufunguka, fundi akaja na vikonyo vya peasi vya mti wa kaka yake, vimefungwa kwenye gome la mgomba. Alikata mti wangu wote, akaacha visiki vitano na tawi moja zima. Kwenye kila kisiki akapasua kwa kisu, akachonga kikonyo kama kalamu, akakichomeka gome kwa gome, akafunga nailoni. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Mti ulibaki kama mwavuli uliong'olewa kitambaa.

Mke wangu akaonyesha lile tawi moja. "Hili umelisahau, babu."

"Sikulisahau. Peasi halipokei chavua yake lenyewe, linataka ya aina nyingine. Mpeasi wa karibu uko ng'ambo ya bonde. Tawi hili la pori likichanua pamoja na vikonyo, litavichavusha."

"Kwa hiyo lile linalonuka linabaki?"

"Linabaki, mama."

"Kila mwaka?"

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Mke wangu aliingia ndani, akatoka na gunia la dagaa kilo ishirini, lililopungua kama robo, akampa nusu ya kilichobaki. Kilichosalia akakiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko na juu ya kifuniko akaandika kwa kalamu ya wino mzito: HAWA SI WENYE KOSA.

Januari baba mkwe akaja. Alishuka kwenye basi na begi moja, vikapu viwili vya ukili vitupu na bilenda mpya ndani ya boksi, kwa ajili ya juisi ya pea. Sikuwa nimemwambia. Nilikusudia kumwambia kila wiki kwa miaka mitano. Mke wangu alisema huu ni mti wangu na huyu ni mkwe wangu, nijue mwenyewe.

Nikampeleka. Mzee akausimamia mti, mikono nyuma, akatazama visiki vyenye nailoni na majani machanga ya vikonyo, akapandisha macho kwenye lile tawi moja lililobeba gololi ambazo nilikuwa sijazichuma. Nikafungua mdomo kueleza habari ya mbuzi. Akaninyamazisha kwa mkono, akachuma moja, akaifuta kwenye kanzu, akasema bismillahi.

"Pea za huku ni ndogo," akasema.

"Baba, hiyo si..."

Lakini alikuwa ameshaitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, polepole, bila kukunja uso, jinsi alivyokula kila alichowahi kupewa nyumbani kwangu. Akameza. Akakaa kimya kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kukutana naye mahali. Halafu uso ukamng'aa.

"Chengachenga hizi nazijua," akasema. "Mkate wa daku."